Mkate Juu ya Nguzo

Aliyempiga Seyfettin hakutosheka na pigo moja. La kwanza lilimwangusha, la pili lilimuua, na mengine manne au matano yalikuwa ya hasira tu. Mlinzi wa magofu ya kale ya Sardi, magharibi mwa Uturuki, alilala chali katikati ya hekalu, macho wazi, fuvu limebonyea upande wote wa kushoto. Nzi walishapata habari kabla ya askari.

Sajini Nalan Karaca alichuchumaa kando yake bila kugusa kitu. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi na jua la Septemba lilishaanza kuuma. Kutoka bondeni ilipanda harufu ya zabibu zilizoanikwa, tamu mpaka kukera pua, ikachanganyika na harufu ya damu.

"Afande, tunapoteza muda," alisema Koplo Ferhat, kijana mwepesi wa mdomo aliyekuwa dereva wake na mpiga picha wake. "Mtu wetu yule pale. Damu mpaka kwenye viwiko. Bado tunapima nini?"

"Piga picha, Ferhat."

"Napiga, napiga."

Mtu wao alikuwa ameketi juu ya jiwe mita ishirini kutoka pale, pingu mikononi. Jina lake Mogens Thorsager, seremala mstaafu wa miaka sitini na minne kutoka Denmaki. Alikuja juzi na basi la Wakristo wanaozunguka makanisa ya kale. Basi likaondoka, yeye akakodi gari akabaki, kwa kuwa alikuwa hajashiba kuyatazama mawe. Nalan alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye mji wa watalii, na Kiingereza chake kilitosha kumbana mtu.

"Jana uligombana na huyu."

"Alinikataza kwenda nyuma ya lile kanisa dogo kando ya hekalu. Mimi nilitaka kuona tu jinsi walivyounga matofali. Akaninyang'anya kamera. Nikamwita mpumbavu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wengi."

"Na leo ukarudi."

"Kumwomba radhi. Lango lilikuwa wazi. Nikamkuta kalala kifudifudi, nikadhani anapumua. Nikamgeuza, nikamshika kichwa..." Mzee aliinua mikono yenye pingu, akaitazama. "Kichwa kilikuwa laini. Mtu hatakiwi kuwa na kichwa laini."

Nalan alirudi kwenye maiti na kijitabu chake. Mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa umechubuka kwenye vifundo vya vidole. Daktari wa wilaya, aliyefika akihema, alisema huenda kapiga jiwe wakati anaanguka, au huenda kampiga mtu mdomoni. Aandike lipi? Aandike yote mawili. Kifungua kinywa cha Seyfettin kilikuwa kimetawanyika huku na huko: nyanya, jibini, zeituni, vyote vimekanyagwa vikawa uji mwekundu na mavumbi. Gazeti alilofungia lilikuwa limeganda kwenye damu. Nusu mkate ulikuwa juu ya kigutu cha nguzo, usawa wa kidevu cha Nalan. Aliandika: nusu mkate, juu ya kigutu. Akautia kwenye mfuko wa ushahidi pamoja na makombo mengine, akaendelea.

Silaha waliipata kwenye kijito chini ya hekalu, mtaimbo wa kuchimbia, nywele bado zimenasa. Na nyuma ya lile kanisa dogo, pale hasa Mdenmaki alipokatazwa kwenda, walikuta matawi makavu ya mzabibu yamefunika shimo linalomeza mtu mzima.

"Wachimba hazina," alisema Ferhat, akatema mate. "Kila ukoo hapa una mjomba aliyevunjika mgongo akitafuta dhahabu ya mfalme wa kale."

"Seyfettin alinipigia juzi," Nalan alisema polepole. "Akasema ana neno, lakini hasemi kwenye simu, maana linamhusu mtu mzito."

"Mtu mzito. Mgeni si mzito?"

"Juzi mgeni alikuwa bado yuko kwenye basi, Ferhat."

Ferhat alikuna kichwa, akapiga picha nyingine ya shimo.

*

Mwenyekiti wa kijiji aliingia kituoni saa tano bila kubisha hodi. Rasim Yörükoğlu alikuwa pande la mtu, masharubu mazito yamefunika mdomo wote wa juu, bastola yenye kibali kiunoni kama kawaida yake. Alijitupa kwenye kiti, akafunika mdomo kwa leso.

"Pole, mwenyekiti," alisema Nalan.

"Pole gani, binti yangu? Nimefiwa na ndugu. Mimi na Seyfettin tulitahiriwa siku moja, kitanda kimoja. Yeye alilia, mimi nikacheka. Halafu zamu yangu ikafika." Alitikisa kichwa. "Leo namwona kapondwa kama nyoka."

Ferhat alimletea chai kwenye bilauri ndogo, nyekundu, inatoa moshi. Rasim alitia vidonge viwili vya sukari, akakoroga, akakoroga tena, akaisukuma kando.

"Kuna shimo nyuma ya kanisa," Nalan alisema. "Unalijua?"

"La zamani hilo. Siku hizi hachimbi mtu. Watu wana zabibu, wana akili zao."

"Udongo wake ni mbichi."

"Basi mbweha." Alisema kupitia leso. "Sajini, hapo nje wapo watu mia mbili. Hacer, mjane wa marehemu, yuko mstari wa mbele. Wanauliza swali moja tu: kwa nini mtu mwenye damu ya mwenzao mikononi anakaa kivulini na kupewa maji?"

"Kwa sababu sijamaliza kuuliza maswali yangu."

"Yamalize. Au mtoe, tuyamalize sisi."

"Hilo umesema kama mwenyekiti au kama muuaji mtarajiwa?"

Rasim alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. "Kama ndugu," alisema, akatoka. Dakika moja baadaye sauti yake ilisikika nje, nene, imepanda juu ya zote, na watu wakaitikia.

Saa sita walichoma gari la kukodi la Mogens. Saa sita na nusu jiwe lilivunja dirisha la ofisi na kumpasua Ferhat nyusi. Alijifunga kitambaa, akaendelea kutukana kwa jicho moja. Nalan alimpigia mwendesha mashtaka mjini.

"Saa tisa gari linakuja kumchukua," alisema mwendesha mashtaka.

"Bwana, saa tisa ni mbali. Tuko askari saba, na lango letu ni la kuzuia mbuzi."

"Kakiri?"

"Hajakiri, na sidhani kama ni yeye."

"Sajini, una damu, una ugomvi, una mtu aliyekutwa na maiti. Kama una kitu kingine, niambie nikiandike."

Hakuwa nacho. Alikata simu. Aliijua hesabu ya siku ile: watu wakivunja lango, yule mzee hafiki barabarani akiwa hai. Watampiga kwa majembe na miguu mpaka watoto wafukuzwe wasione, na kesho kila mmoja atasema alikuwa shambani.

*

"Angalau ale," alisema Nalan.

Mogens alikuwa mahabusu, magoti yamebana mikono. Kila kelele ilipopanda nje alifumba macho. Ferhat alimwekea sinia, supu ya dengu na kipande kikubwa cha mkate. Kwa haraka, au kwa chuki, aliliweka pembeni mno mwa benchi. Jiwe lingine liligonga ukuta, mzee akaruka, mkate ukadondoka sakafuni.

Mogens aliinama. Aliuokota kwa ncha za vidole viwili, akautazama ulivyoshika vumbi, akautupa kwenye ndoo ya taka. Kisha akaanza kunywa supu.

"Astaghfirullahi!" Ferhat alipiga kelele. "Afande, umemwona? Umemwona huyu mnyama?" Alikuwa ameshaingiza mkono kwenye ndoo. Alitoa mkate, akaupuliza vumbi, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akautafutia mahali pa juu. Aliuweka kwenye rafu ya madirishani, miguu ya watu isikofika. "Mama yangu angemvunja vidole. Mkate! Kwenye taka!"

Mogens alimtazama kwa mshangao, kijiko hewani. "Nimekosea nini?"

Nalan alikuwa anautazama ule mkate kwenye rafu.

"Ferhat. Asubuhi, pale hekaluni, wewe ndiye uliyeuweka mkate juu ya kigutu?"

"Mkate gani?"

"Nusu mkate wa Seyfettin."

"Mimi? Sikugusa kitu. Uliniambia nisiguse."

"Daktari?"

"Daktari kaja nyuma yetu. Ulikuwepo tayari. Upo kwenye picha ya kwanza kabisa."

"Na karani wa tiketi, aliyetupigia simu, alisimama langoni akitapika, hakuvuka kamba." Nalan alimgeukia Mogens. "Mzee, ulipofika, uliokota mkate chini?"

"Sikuuona mkate wowote. Niliona mtu."

Nalan alitoka mbio mpaka kwenye kabati la ushahidi. Alivaa glavu, akafungua mfuko, akaugeuza ule mkate. Chini yake ulikuwa na vumbi jekundu lililolowa damu, na ganda la zeituni lililopondwa limenata.

"Tazama. Huu ulianguka. Tena ulianguka baada ya damu kumwagika na zeituni kukanyagwa. Halafu mtu akauinua kutoka kwenye ule uchafu wote, akauweka juu. Jibini akaliacha, nyanya akaziacha, Seyfettin akamwacha."

Ferhat aliinama kuutazama, mikono nyuma.

"Nami niliuona kwa macho yangu mawili," alisema Nalan. Alijipiga kofi la paji la uso. "Nikaandika, nikapita! Kwa sababu mkate uliookotwa sisi hautushangazi. Ningekuwa mgeni ningeuliza unafanya nini huko juu."

"Basi muuaji ni wa hapa."

"Na kaubusu. Ona juu." Kwenye ganda la mkate palikuwa na alama nyekundu, vijistari viwili vyembamba vilivyopinda vikitazamana. "Hii si alama ya kidole. Ni mdomo. Mdomo uliopasuka."

"Vifundo vya Seyfettin," Ferhat alinong'ona. "Alimtandika mtu mdomoni kabla hajafa."

"Mdomo wa mzee wetu ni mzima. Umemwona akinywa supu ya moto."

Walisimama wote wawili. Mezani kwa Nalan, kando ya vipande vya kioo cha dirisha, bilauri ya Rasim ilikuwa bado imejaa mpaka juu. Ilishapoa zamani. Nalan alikuwa amekunywa chai na mwenyekiti yule kwenye harusi, misibani na vikao vya maji kwa miaka mitatu, na hajawahi kumwona akiiacha chai hata ipoe nusu. Aliinywa inayochoma, akiwacheka wanaoipuliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Ferhat. "Na leso yake! Nilidhani analia."

"Maabara watachukua siku tano."

"Afande, sisi hatuna dakika tano."

Kama aliyewasikia, mtu mmoja huko nje aliendesha trekta kwenye lango. Chuma kililia mara moja, kikalala chini.

*

Nalan alipotoka kwenye ngazi, askari wanne walikuwa wamepanga mstari na ngao, na mmoja wao alikuwa anatema jino. Umati ulijaa uani. Mipini ya majembe, visu vya kuvunia zabibu, mawe. Jiwe moja lilimpata Nalan begani, likamfanya ashike ukuta. Rasim alikuwa mbele kabisa, sauti imekauka kwa kupiga kelele tangu saa tano, leso imekunjwa ndani ya ngumi. Kando yake alisimama Hacer, mjane, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, halii. Alikuwa mtu pekee asiyepiga kelele.

"Mtoe!" alinguruma Rasim. "Mtoe, dada, usituletee aibu ya kumpiga mwanamke!"

"Namtoa," Nalan alisema.

Walitazamana, maana hawakutegemea. Nalan alikuwa na mkate mzima mkononi, wa jikoni kwa askari, wa asubuhi ile ile. Mkono wenyewe ulimkataa. Tangu azaliwe hajawahi kufanya jambo lile, na bibi yake alimfundisha kwamba mwenye kulifanya hupofuka. Aliomba msamaha moyoni, akautupa.

Mkate uliruka juu ya ngao, ukaangukia vumbini, hatua moja kutoka kwenye viatu vya Rasim.

Watu mia mbili walivuta pumzi. Mwanamke mmoja alisema "Ee Mola!" kama kachomwa sindano. Mwenye jiwe akalishusha. Mikono kadhaa ilianza kunyooka, lakini aliyekuwa karibu zaidi alishainama. Rasim aliuokota kwa mikono miwili, akaupuliza, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso.

"Huna haya?" alimpigia Nalan kelele. "Neema ya Mungu unaitupa chini? Wewe ni mtu gani?"

"Uinue juu, mwenyekiti. Watu wauone."

"Nini?"

"Mkate. Uinue."

Hakuuinua. Aliutazama. Mdomo uliotukana tangu asubuhi ulikuwa umefunguka kidonda, na kwenye ganda la mkate kulikuwa na vijistari viwili vyekundu, vibichi, vimepinda vikitazamana. Hacer alikuwa karibu kuliko wote. Aliviona.

"Ferhat, mpe shemeji picha," alisema Nalan.

Ferhat alishuka ngazi na kitambaa chake cha damu kichwani, akampa Hacer picha ya mkate uliokutwa hekaluni. Hacer aliishika, akatazama picha, akatazama mkate, akatazama masharubu ya Rasim na uzi wa damu ulioanza kuteremka kidevuni.

"Huu uliwekwa juu ya nguzo leo alfajiri," Nalan alisema kwa sauti ya kufika langoni. "Uliokotwa kwenye damu ya Seyfettin, ukabusiwa, ukawekwa mahali pa heshima. Mgeni hajui hayo. Mgeni mkate wake ameutupa kwenye taka mbele yangu. Seyfettin alikuta shimo, na akamjua mwenye shimo. Akamtandika mdomoni. Mwenye shimo alikuwa na mtaimbo."

"Uongo!" Rasim alisema. Alirudi nyuma hatua mbili. "Ni fizi zangu. Mimi mgonjwa wa fizi, daktari anajua..."

"Basi kunywa chai yangu. Ipo mezani, nitakupashia moto."

Hapo uso wake ulibadilika, na kila mtu aliuona ukibadilika. Bastola ilikuwa kiunoni, upande wa kulia, kifuniko wazi. Mkono wa kulia ulianza safari ya kwenda huko, ukakwama, maana ulikuwa umeshika mkate. Angeuachia tu. Ferhat alikuwa hatua sita kutoka kwake. Rasim aligeuza kichwa kushoto, kulia, akitafuta ukuta, dirisha, boneti ya gari, popote pa kuuweka, na alipopata mgongo wa trekta na kunyoosha mkono, Ferhat alishafika. Alimpiga kichwa cha pua. Walianguka pamoja. Risasi moja ilitoka kwenye bastola ya Rasim, ikatoboa tairi la trekta, na kabla ya ya pili Nalan alikuwa amesimama juu ya kifundo cha mkono wa mwenyekiti mpaka kikalia.

Mkate ulibaki juu ya trekta. Hata kwenye purukushani ile hakuna aliyeuangusha.

Walimwinua Rasim kwa pingu, pua imevunjika, vumbi limemjaa mdomoni. Hacer alimsogelea. Watu walimpisha.

"Leo asubuhi ulikuja kwangu," alimwambia. "Ulinikumbatia. Nikakupikia chai, ukasema huna hamu kwa majonzi."

"Shemeji, wallahi sikukusudia. Alisema anakwenda kusema. Nilimsihi..."

"Mkate uliuokota, Rasim," alisema Hacer. "Mume wangu ukamwacha chini."

Aliinama, akachukua jiwe lililokuwa karibu na mguu wake. Nyuma yake watu mia mbili walifanya vivyo hivyo, kimya kimya, na Nalan akamvuta Rasim nyuma ya ngao, akamfunika kwa mgongo wake mwenyewe, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlango ambao nyuma yake alikuwa Mdenmaki.